Mradi Umegoma: Tuuokoe au Tuanze Upya?

Hoja iliyo mezani ni hii: mradi wa video uliohifadhiwa jana ukikataa kufunguka leo, mhariri mwenye akili huanza upya badala ya kupoteza siku nzima akiubembeleza. Wanaobishana ni watatu. Nimewaita kwa kazi zao kwa sababu ni sauti nilizozitunga, ingawa maneno yao mtayatambua nyote mliowahi kukaa mbele ya kompyuta usiku wa manane huku mteja akipiga simu. Mhariri ni dada wa Sinza, Dar es Salaam, anayeishi kwa harusi, sendofu na filamu fupi za mashirika. Fundi ni mtu mzima wa Kariakoo aliyeanza kuhangaika na kompyuta za wapiga picha tangu enzi za kanda za MiniDV. Mkutubi ni mama anayetunza maktaba ya picha za kituo cha televisheni, na kati yao ndiye pekee asiyekimbizana na siku ya kukabidhi kazi. Mimi nilikusudia kusikiliza tu. Kusudio hilo halikudumu.

MHARIRI: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Naiunga mkono hoja, na sababu zangu ni za pesa na muda. Nimepiga harusi moja kwa kamera mbili, saa sita kila kamera. Klipu zote ziko salama kwenye diski ya nje. Kilichogoma ni mradi tu. Familia inasubiri video Jumapili, kabla wageni wa Mwanza hawajarudi kwao, na hakuna mama wa bibi harusi aliyewahi kuniomba nimwonyeshe taimulaini. Kwa nini nisizipange upya hizo klipu nikamaliza?

FUNDI: Marahaba, binti yangu. Hizo klipu ni gigabaiti ngapi?

MHARIRI: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa sita ni gigabaiti 540.

FUNDI: Na mradi?

MHARIRI: Megabaiti kumi na kitu.

FUNDI: Kazi yako ya wiki mbili imo wapi? Kwenye zile 540 au kwenye hizi kumi?

MHARIRI: Imo kichwani pia, mzee. Mara ya kwanza unatafuta: unaisikiliza hotuba yote ya mjomba ili upate dakika moja inayofaa. Mara ya pili unajua ilipo. Mimi kukata mara ya pili nakwenda mbio, na mara nyingi inatoka nzuri kuliko ya kwanza.

FUNDI: Hilo sikupingi. Lakini leo asubuhi faili la mradi lilikuwa na ukubwa gani?

MHARIRI: Sikuangalia. Programu iliandika kwamba mradi unaonekana umeharibika na hauwezi kufunguliwa, nikaifunga.

FUNDI: Basi hata kubishana hatujaanza. Sentensi hiyo usiiamini sana, maana programu huitumia ileile kwa mambo yasiyofanana hata kidogo. Kwanza nakili faili kwenye diski nyingine, ufanyie kazi hiyo nakala. Lile la asili usiliguse tena. Kisha tazama ukubwa. Likiwa baiti sifuri, achana nalo. Likiwa na ukubwa wake wa kawaida, lifungue kwa programu yoyote ndogo inayoonyesha baiti mojamoja. Mradi wa Premiere Pro, kwa matoleo ya miaka hii, ni maandishi ya XML yaliyobanwa kwa gzip, na chochote kilichobanwa kwa gzip huanza na baiti mbili: 1F 8B. Ukiziona hizo pale mwanzoni, kaa kitako tufanye kazi. Ukiona 00 00 00 00 kutoka juu mpaka chini, ujue jina la faili lipo na ukubwa wake upo, ila ndani hamna kitu.

MHARIRI: Ukubwa utakuwepoje na kilichomo kisiwepo?

FUNDI: Umeme. Kompyuta inaweza kuandika kwenye orodha yake kwamba faili hili lina ukubwa kadha na nafasi yake ni hii hapa, wakati data yenyewe bado iko kwenye kumbukumbu ya muda ikisubiri kushushwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya hayo mawili, nafasi imetengwa na haikujazwa. Diski ya nje yenye mfumo wa exFAT ina hatari zaidi, kwa sababu haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kama NTFS inavyofanya. Na hapo si lazima umeme ukatike. Inatosha mtoto kuchomoa waya, au wewe mwenyewe ukichomoa huku taa ya diski inacheza.

Hapa ilibidi niingilie, maana nimesikia watu wakitumia mshahara mzima kuongeza kadi ya picha huku kompyuta yao ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani bila UPS. Kwa jambo hili moja, laptopu ya kawaida yenye betri nzima inaishinda kompyuta ya mezani yenye bei mara tatu yake. Watengenezaji wa programu, ambao wengi wao hufanya kazi mahali umeme ukikatika inakuwa habari ya gazetini, hawalikazii sana jambo hili katika miongozo yao. Mhariri wa Dar es Salaam, Bujumbura au Goma analijua, lakini si kutoka kwenye mwongozo.

MHARIRI: Sasa mzee si umeniongezea hoja! Kama ni sifuri tupu, kuna nini cha kuokoa? Naanza upya.

FUNDI: Kama ni sifuri tupu, unakwenda kwenye nakala za akiba. Programu zenyewe hujihifadhia nakala bila kukuuliza. Premiere ina folda yake ya Auto-Save. Avid Media Composer ina folda inayoitwa Attic. Final Cut Pro hutengeneza nakala ya maktaba yako kila dakika 15 kama kuna kilichobadilika, ikaiweka ndani ya folda ya Movies. Vegas huacha faili la .bak kando ya lile la .veg. Kdenlive ina amri kabisa kwenye menyu ya kufungua nakala za akiba. Watu wanakuja kibaoni kwangu macho mekundu, hawajalala, na folda imejaa nakala za jana yake.

MKUTUBI: Na hiyo folda ya Premiere inakaa wapi, kaka, usipoibadilisha?

FUNDI: Kando ya mradi.

MKUTUBI: Kwenye diski ileile.

FUNDI: Kwenye diski ileile, ndiyo. Hapo umenipata. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waende kwenye mipangilio waielekeze diski nyingine. Wanaitikia, halafu hawafanyi.

MHARIRI: Haya, tuseme hizo baiti mbili nimeziona. Bado hautaki kufunguka. Sasa?

FUNDI: Sasa unaijaribu ile gzip yenyewe. Fungua nakala yako kwa 7-Zip. Ikitoa maandishi yote mpaka mwisho bila kulalamika, mradi wako mzima, mgonjwa ni mwingine. Ikikatikia njiani, mradi ulikatwa wakati wa kuhifadhiwa, turudi kwenye akiba. Watu hawajui kwamba jambo hili linapimika kwa dakika tano, kabla ya kuanza kuombea.

MHARIRI: Na huyo mgonjwa mwingine ni nani?

FUNDI: Wapo kadhaa. Anayenisumbua zaidi ni klipu moja mbovu. Mradi unaanza kufunguka, unafika karibu na mwisho, unaganda. Wewe unadhani mradi umekufa, kumbe programu imeng'ang'ania kusoma klipu moja iliyonakiliwa nusu kutoka kwenye kadi ya kamera. Dawa yake ni rahisi: badili jina la folda yenye klipu zote. Programu ikizikosa, itafungua mradi ikiwa na picha nyekundu za klipu zilizopotea. Hapo umeshaingia. Kisha unaiunganisha folda moja baada ya nyingine mpaka itakapoganda tena, na mchawi umemjua. Mwingine ni plagini iliyosasishwa au kufutwa. Mwingine ni kadi ya picha: umesasisha draiva, mradi unadai kufanya kazi kwa kadi ambayo haielewani nayo tena, na ukiiamuru programu itumie prosesa peke yake, mradi unafunguka. Na kama vyote hivyo vimeshindikana, tengeneza mradi mpya mtupu, halafu ule uliogoma uuingize ndani yake, sikwensi moja moja. Mara nyingi zote zinaingia isipokuwa moja.

MHARIRI: Na virusi?

FUNDI: Vile vya shotikati? Bado vipo kwenye flashi za mjini. Unafungua diski unakuta folda zako zote zimegeuka vialama vya mkato, kila ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Amri moja ya attrib inayaonyesha. Usifomati! Nimeona mtu akifomati diski ya kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya virusi ambavyo havikufuta hata faili moja.

Nakiri Fundi alikuwa anaongoza mpaka hapo, na Mhariri alilijua hilo. Ndipo akauleta mfano ambao wahariri wa huku wanaufahamu zaidi ya wote, na ambao watu wa miongozo huupita haraka kwa aibu.

MHARIRI: Nikupe kesi yangu nyingine, mzee. Kwangu umeme ulikatika, nikaenda kwa rafiki yangu mwenye jenereta nikamalizia kule. Yeye ana toleo jipya. Aliponifungulia, programu ikauliza kama iugeuze mradi uendane na toleo hilo, tukakubali. Nimerudi nyumbani, toleo langu la zamani linasema mradi umehifadhiwa na toleo jipya zaidi, haliwezi kuufungua. Na mimi siwezi kusasisha, kwa sababu langu ni lile la… mnajua.

FUNDI: Tunajua.

MKUTUBI: Mimi sijui. Lisemwe.

MHARIRI: Lililovunjwa ufunguo, mama. La kupewa kwenye flashi.

MKUTUBI: Ahsante. Maana tukijadili mafaili yasiyofunguka katika nchi zetu bila kulitaja hilo, tutakuwa tunadanganyana. Nusu ya sababu ya wewe kukwama kwenye toleo moja ni hiyo. Kila anayekuachia programu ya flashi anakuachia na plagini zake za flashi, na mradi unaotegemea plagini ambayo haipo kwenye kompyuta nyingine huanza kukataa hapo hapo.

MHARIRI: Mama, malipo ya kila mwezi kwa dola, na mimi nalipwa kwa shilingi, tena kwa awamu…

MKUTUBI: Sikulaumu. Nasema gharama yake inalipwa siku kama hiyo. DaVinci Resolve ina toleo la bure lisilo la wizi. Kdenlive ni ya bure kabisa, na mradi wake ni maandishi ya XML unayoweza kuyafungua kwa Notepad.

FUNDI: Hata hiyo Kdenlive ina visa vyake, dada. Kabla ya toleo la 20.08, lililotoka Agosti 2020, kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa iliandika desimali kwa mkato, ya Kiingereza kwa nukta. Mtu wa Lubumbashi akimtumia mradi mtu wa Arusha, namba zinasomeka vibaya na athari za video zinavurugika. Toleo hilo ndilo lililoamua nukta itumike kwa wote. Tuirudie kesi ya binti. Ukishayafungua yale maandishi ya gzip, karibu na mwanzo kuna mstari wa Project wenye namba ya toleo. Badili namba hiyo iwe 1, hifadhi, fungua. Programu itadhani ni mradi wa kale na itakubali kuugeuza.

MHARIRI: Kweli?

FUNDI: Kweli, mara nyingi. Ila chochote kilichotumia ufundi wa toleo jipya kinaweza kupotea au kubadilika bila kukwambia. Vichwa vya maandishi ndivyo vinavyoumia kwanza. Ukague mstari kwa mstari. Na usilete ujanja huo kwenye Resolve. Kule mradi haukai kama faili kando ya klipu, unakaa ndani ya hifadhidata ya programu. Ukikubali hifadhidata igeuzwe kwa toleo jipya, toleo la zamani haliioni tena. Ndiyo maana wapo wanaobeba folda nzima ya klipu, wanafika safari na kukuta hawakuubeba mradi. Walitakiwa kuutoa kwanza kama faili la .drp.

MKUTUBI: Mmemaliza? Mimi naipinga hoja, lakini simuungi mkono Fundi.

FUNDI: Haya, tena!

MKUTUBI: Fundi ananiambia mradi ni wa kuokolewa. Mimi nauliza: uokolewe ili ufunguliwe na nini, mwaka gani? Tarehe 21 Juni 2011 Apple walitoa Final Cut Pro X. Ilikuwa mpya mpaka kwenye mifupa, na haikuweza kufungua mradi wowote wa Final Cut Pro 7. Wowote. Watu walikuwa na filamu na vipindi vya miaka kumi kwenye mfumo ule. Walter Murch alikuwa amehariri Cold Mountain ya 2003 kwa Final Cut. The Social Network ya 2010, iliyopata Oscar ya uhariri, nayo ilikatwa humo. Mafaili yao hayakuwa na kasoro yoyote. Hayakukatikiwa na umeme, hayakuingiwa na virusi. Mwenye programu alihama nyumba akaacha funguo za wapangaji zikiwa hazifungui mlango wowote. Ilibidi kampuni ndogo ya nje ilete programu ya kugeuza, 7toX, mwaka 2012. Kisha Apple wakaendelea kubadilisha mfumo wa kompyuta, na macOS High Sierra ya 2017 ikakataa kabisa kuendesha Final Cut Pro 7.

FUNDI: Nina mteja mwenye Mac ya zamani anayoitunza kwa ajili hiyo tu. Haiunganishi intaneti.

MKUTUBI: Na ikifa?

FUNDI: Nitamtafutia nyingine kama hiyo.

MKUTUBI: Mpaka lini? Kinachonishangaza ni kwamba programu iliyotoa miradi hiyo imekufa, lakini XML yake bado iko hai. Premiere mpaka leo inatoa na kupokea XML ya Final Cut ya zamani, na Resolve vilevile. Aliyetoa XML kabla ya 2011 anafungua kazi yake leo. Aliyehifadhi mradi peke yake anatafuta Mac ya kale. Rudini nyuma zaidi. CMX ilianzishwa 1971 na CBS pamoja na Memorex, wakati uhariri wa video kwa kompyuta ulikuwa jambo la ajabu. Orodha zake za mikato, zile za CMX 3600, ni maandishi matupu: namba ya tukio, jina la kanda, mahali pa kuingia, mahali pa kutoka. Mtoto wa sekondari anaweza kuzisoma. Kampuni haipo tena, lakini programu za leo bado zinaandika orodha hizo.

MHARIRI: Mama, na mimi nikujibu, maana hapo umegusa kazi yangu. Orodha hiyo ina njia moja tu ya picha. Matukio hayazidi 999. Jina la kanda herufi nane. Rangi nilizopaka ziko wapi? Vichwa vya majina ya wazazi? Sauti ya kwaya niliyoichanganya na ya MC? Ukinipa orodha hiyo umenipa mifupa.

MKUTUBI: Ipo OpenTimelineIO, iliyoanzia Pixar, inabeba njia nyingi. Resolve inaipokea tangu toleo la 18.5 la mwaka 2023.

MHARIRI: Na rangi?

MKUTUBI: Rangi hapana. Si zote.

MHARIRI: Basi.

Hapo ndipo mimi niliposhindwa kunyamaza mara ya pili. Naona wote watatu wanazunguka jambo moja bila kulishika. Ndani ya mradi wa video hamna picha hata moja. Mradi ni maamuzi: anza hapa, ishia hapa, punguza sauti, weka wimbo huu. Klipu ziko kwingine, fonti ziko kwingine, plagini ziko kwingine, na hata anwani za klipu hutegemea herufi ambayo Windows imeipa diski siku hiyo. Jana ilikuwa E, leo umechomeka flashi kwanza ikawa F, mradi unasema kila kitu kimepotea. Kwa hiyo swali la kuokoa au kuanza upya haliwezi kujibiwa kwa kulitazama faili peke yake. Linajibiwa kwa kuuliza maamuzi yale yameandikwa wapi pengine. Kama yamo kichwani mwa mhariri aliyekata jana, na kazi ni ya dakika nne, Mhariri yuko sahihi kabisa, aanze upya. Kama ni kazi ya miezi, ya watu wawili, au ya mwaka juzi, kumbukumbu ya kichwa haina thamani, na dakika tano za 7-Zip zina thamani kubwa sana. Mhariri hakuipenda hukumu hiyo.

MHARIRI: Unasahau kwamba yapo pia ndani ya video yenyewe niliyokwisha kurenda. Premiere tangu 2020 inaweza kuchunguza video iliyokamilika ikatambua kila mahali ulipokata, ikakata palepale. Resolve nayo ina kitu hicho. Namchukua mteja wa mwaka juzi, sina mradi wake, nina video tu. Naiingiza, inakatwa vipandevipande, natoa kipande kibaya, nafunga. Nani anahitaji mradi?

FUNDI: Na ukimlainisha bibi harusi kwa mfifio, si mkato, itaona?

MHARIRI: Hapo inakosea.

FUNDI: Na maandishi yaliyokwisha kuchomwa juu ya picha?

MHARIRI: Yanabaki.

MKUTUBI: Na muziki?

Mhariri alinyamaza hapo, na sababu yake inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayowarudisha wateja wa harusi kuliko kitu kingine. Familia inapandisha video YouTube ili ndugu wa Muscat na Leicester waione. Mfumo wa YouTube unautambua wimbo, wa Bongo Fleva au wa taarabu, na mwenye haki miliki anadai: sauti inazimwa, au video haionekani katika nchi fulani. Mteja anapiga simu, anataka wimbo ubadilishwe. Kwenye mradi, ni kazi ya nusu saa; wimbo uko kwenye njia yake, hotuba ya baba iko kwenye njia nyingine. Kwenye video iliyokamilika wimbo umeshika kicheko cha shangazi, vigelegele na maneno ya baba, na huwezi kuutoa bila kuviumiza. Zipo programu za kutenganisha sauti siku hizi, na zinashangaza. Hotuba ya baba iliyopita humo, hata hivyo, husikika kama inatoka chini ya maji.

MHARIRI: Sawa. Kwa muziki nimekubali. Lakini wenzangu wengi hata hawana mradi wa kuokoa, mama. Wanahariri kwa simu. CapCut, InShot, KineMaster. Kule hakuna faili la kuchungulia baiti.

FUNDI: Lipo, ila limefichwa ndani ya programu. Simu inasema nafasi imejaa, mtu anakwenda kwenye mipangilio anafuta data ya programu ili ipumue, na drafti zote zimeondoka. Au anaiondoa programu na kuiweka upya akidhani anaitibu. KineMaster walau inakuruhusu kuutoa mradi kama faili la .kine ukauhifadhi mahali pengine. Wachache wanaoijua amri hiyo.

MKUTUBI: Na hata mafaili yakiwa salama, mlango ni wa mtu. Januari 2025 Wamarekani waliamka CapCut imezimwa pamoja na TikTok kwa sababu ya sheria ya kwao. Kompyuta nzima, intaneti nzima, na kazi hawaifikii. Ilirudi, lakini hakuna mhariri aliyeshauriwa siku ya kuzima wala ya kuwasha.

FUNDI: Basi tukubaliane muda. Mimi nasema saa moja. Ndani ya saa moja mtu atakuwa amenakili faili, ameona ukubwa, ameona baiti, amefungua gzip, ametazama folda ya akiba, ameficha klipu na kujaribu kuuingiza kwenye mradi mpya. Ikishindikana, aanze upya, na mimi nitamchemshia chai.

MHARIRI: Saa moja natoa. Zaidi ya hapo unilipe wewe.

MKUTUBI: Na saa moja hiyo ije kabla ya kusasisha chochote na kabla ya kusakinisha upya chochote. Watu wanaanzia huko. Wanasakinisha programu upya, wanasafisha, mafaili ya akiba yanakwenda na maji, halafu ndipo wanampigia Fundi simu.

FUNDI: Ee, mwambie huyo!

MKUTUBI: Lakini bado sijajibiwa. Kazi ikiisha, mradi unabaki kwa nani?

MHARIRI: Kwangu. Mteja nilimuuzia video.

MKUTUBI: Na ukihama mji? Ukiacha kazi hii ukafungua duka la vitenge? Kwangu maktabani nina vipindi ambavyo aliyevihariri simjui, na kinachosalia ni faili moja lililokamilika lenye nembo ya kituo iliyochomwa kwenye kona. Siwezi kuiondoa. Siwezi kurefusha mahojiano ambayo najua yalirekodiwa yote.

MHARIRI: Nikimpa mteja mradi, mama, mwaka kesho anampelekea kijana wa bei nafuu. Anafungua, anaona nilivyopaka rangi, anaona vichwa vyangu, anavichukua kama vilivyo. Vile vichwa nimevijenga kwa miaka. Hapana.

FUNDI: Usimpe mradi. Mpe klipu ulizotumia, video isiyo na maandishi, sauti zikiwa zimetenganishwa, muziki peke yake na maneno peke yake, pamoja na ile orodha ya maandishi ya mama hapa. Rangi na vichwa baki navyo.

MKUTUBI: Hivyo vinanitosha mimi kabisa. Afadhali hivyo kuliko mradi.

MHARIRI: Hivyo naweza. Lakini kwa gigabaiti 540, diski anunue mteja, na iandikwe kwenye mkataba kabla sijawasha kamera.